Kufundisha Kiingereza chuo kikuu Oman ukiwa na pasipoti ya Tanzania

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Nina shahada ya elimu, somo la Kiingereza, na shahada ya uzamili ya isimu. Huu ni mwaka wa sita nafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kikuu binafsi. Tangu mwaka jana nimetuma maombi kama 40 ya kufundisha Kiingereza vyuo vikuu vya Korea Kusini, China na nchi za Ghuba. Nimejibiwa mara mbili tu, na zote mbili wamesema wanataka mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya mama. Sasa kuna wakala Dar es Salaam anasema nafasi ya Oman ipo nikilipa shilingi milioni mbili na nusu. Hizo nafasi zipo kweli kwa watu kama sisi? Na huyu wakala nimlipe?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka: usimlipe. Wala usimpe nusu, wala ile "ya kufungulia faili" ambayo najua ameshakutajia au atakutajia.

Sisemi mawakala wote ni matapeli. Oman vyuo kadhaa huajiri walimu wa Kiingereza kupitia kampuni za kutafuta walimu, na nimefanya kazi na watu walioingia kwa njia hiyo wakakaa salama. Ila kampuni hizo hulipwa na chuo, kwa sababu chuo ndicho chenye shida ya mwalimu. Anayekutoza wewe anakuuzia tumaini. Mwulize mambo mawili tu: chuo gani, na nani atatia saini mkataba. Akikutajia chuo, ingia mwenyewe kwenye tovuti yake, zile za vyuo vya Oman huishia na edu.om, utafute tangazo hilo. Kisha uliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama huyo wakala wako ana leseni ya kupeleka watu nje. Wenzetu wa Kenya huuliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ukimwona anaanza kukwepa maswali hayo mawili, umeshapata jibu lako.

Sasa lile swali kubwa. Nafasi zipo. Nimefundisha Oman miaka tisa, na mitatu ya mwisho nilikuwa kwenye jopo la kuchambua maombi na kusaili. Walimu tuliokuwa nao walitoka India, Pakistan, Sudan, Tunisia, Ufilipino, Uingereza, Marekani, na Waafrika wa huku kwetu wachache. Tulikuwa wachache kwa sababu wachache ndio walioomba vizuri. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe leo: maombi yako 40 mengi yalikwenda kwenye milango ambayo kisheria haiwezi kufunguka kwako, na yale yaliyokwenda kwenye mlango wako hayakuonyesha unachojua.

Tuitazame milango hiyo. Korea Kusini ina viza iitwayo E-2, ya walimu wa lugha za kigeni. Kwa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo, Kenya haimo. Hata ungekuwa na uzamivu na ukazungumza kuliko mtangazaji wa redio, afisa uhamiaji hana pa kukuweka. Maprofesa wana viza nyingine, E-1, isiyo na orodha hiyo, lakini idara nyingi hutangaza kana kwamba orodha ni ileile. China nako, kanuni za vibali vya kazi zilizoanza kutumika nchi nzima mwaka 2017 zinataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama, awe na shahada, na kwa kawaida awe na uzoefu wa miaka 2. Kwa hiyo waliokujibu vile hawakukutukana. Walikuwa wanasoma kanuni yao. Inauma, na kwa maoni yangu ni kanuni mbaya kielimu, maana kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha, lakini huwezi kuipindua kwa barua ya maombi. Acha kuzitumia siku zako huko.

Hapo kuna jambo la pembeni nisingependa ulipite. Kama ni China au Korea ndiko moyo wako uliko, kumbuka kwamba kwa Kiswahili wewe ndiye mzawa wa lugha. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960, na Korea Kusini kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni. Nafasi ni chache mno, lakini pasipoti hiyohiyo iliyokufungia mlango wa Kiingereza ndiyo inayoufungua huo.

Japani haina orodha ya pasipoti. Matangazo ya kazi za vyuo hupatikana kwenye JREC-IN, tovuti ya serikali, na muhula hufunguliwa Aprili. Ila wanataka uzamili unaohusu ufundishaji lugha, makala zilizochapishwa, na mara nyingi uwe tayari unaishi huko, tena mikataba mingi ina kikomo cha miaka 5. Weka akiba, siyo mwaka huu.

Tuje Oman, kwa sababu ndiko ninakokujua kwa miguu yangu.

Kijana wa Oman akimaliza sekondari, masomo yake karibu yote yamekuwa kwa Kiarabu. Akiingia chuo kikuu, uhandisi au biashara atasomeshwa kwa Kiingereza. Pengo hilo huzibwa na programu ya msingi, wenyewe wanaiita faundesheni: Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kusoma, muhula mmoja hadi mwaka mzima au zaidi kulingana na mtihani wake wa kuingilia. Vigezo vya kitaifa vya programu hiyo vilitolewa mwaka 2008, na kila chuo, cha serikali au binafsi, kina idara yake. Hiyo ndiyo inayokula walimu wa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, kina kituo chake cha masomo ya maandalizi. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, UTAS, kilichoundwa 2020 kwa kuunganisha vyuo vya ufundi na vya sayansi tumizi, kina matawi Muscat, Nizwa, Ibri, Ibra, Sur, Sohar, Salalah, Rustaq na kwingineko. Halafu vipo vyuo vikuu binafsi kama Sohar, Nizwa na Dhofar. Tangazo la kazi hizi halisemi "mhadhiri wa fasihi". Linasema mwalimu wa lugha, programu ya msingi. Ukitafuta "mhadhiri wa Kiingereza" peke yake, mengi yatakupita.

Kinachotakiwa kwa kawaida ni uzamili katika Kiingereza, isimu, ufundishaji wa Kiingereza au elimu, pamoja na uzoefu wa miaka kadhaa, bora uwe wa chuoni. Unavyo vyote. Basi kwa nini kimya?

Nikwambie tulivyokuwa tukisoma. Maombi yalikuwa mengi, na kila moja tulilipa dakika chache. Jicho la kwanza: jina la shahada. Yako inasema isimu. Mjumbe asiyekujua anajiuliza, isimu ya Kiingereza au ya Kibantu? Hatakupigia simu kuuliza, ataweka pembeni. Ambatisha transkripti na kwenye CV yako, chini ya uzamili, andika mada ya tasnifu na majina ya kozi zilizohusu Kiingereza na ujifunzaji wa lugha ya pili. Jicho la pili: miaka ya uzoefu baada ya uzamili. Wengi hawahesabu miaka iliyotangulia shahada hiyo, kwa hiyo tarehe ya kuhitimu iandike na mwezi wake. Jicho la tatu ndilo lililowaangusha watu wa kwetu wengi: ulifundisha nini hasa?

Naamini CV yako ina mstari unaosema unafundisha stadi za mawasiliano. Kwetu kila mtu anaelewa. Msomaji wa Muscat anadhani unafundisha watu kuhutubia. Mwambie unachofanya Jumatatu asubuhi. Kwamba unafundisha uandishi wa aya na insha, usomaji wa matini za kitaaluma na kuandika dondoo za mhadhara. Kwamba wanafunzi ni wa mwaka wa kwanza ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu. Kwamba una saa kadhaa kwa wiki, darasa lina watu wangapi, na kama ni 150 ukumbini, semina zake zina wangapi. Kwamba unatunga mitihani, unasahihisha kwa jedwali la alama, na unasahihisha pamoja na wenzako ili alama zilingane. Hili la mwisho lina uzito kuliko unavyofikiri. Faundesheni ni madarasa ishirini ya ngazi moja yanayofanya mtihani mmoja, na mwalimu anayegawa alama kwa huruma huvuruga wote.

Kuhusu vyeti vya kuongezea, utakutana na matangazo mtandaoni ya cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 kwa bei ya chakula cha jioni. Kwa kazi ya chuo kikuu havisaidii chochote. Kinachoheshimika ni CELTA ya Cambridge, au CertTESOL ya Trinity, kwa sababu ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi ameketi nyuma anakuandikia makosa. Siku hizi CELTA husomwa hata kwa mtandao. Ni ghali kwa mshahara wetu, silifichi hilo. Lakini ile milioni mbili na nusu uliyotaka kumpa wakala ingekuwa mwanzo mzuri wa ada hiyo. Na baadhi ya vyuo huwadai wasio wazawa wa lugha matokeo ya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Tangazo likidai, fanya mtihani, usibishane. Matokeo hukubalika miaka 2, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

Ukiitwa kwenye usaili, utaombwa somo la majaribio la dakika 15 hivi kwa video. Wengi wetu hapo huanza kuhutubia. Wanataka kuona unamjua mwanafunzi wao. Nikuonyeshe kutoka daftari moja la Sur, wiki yangu ya pili kazini. Kijana aliandika: "My father teacher." Mstari uliofuata: "He bark his car near the scool." Na neno "students" alikuwa ameliandika "stdnts". Mkaguzi wa haraka anaona uzembe. Ukiujua Kiarabu kidogo unaona akili inayofanya kazi yake: sentensi ya wakati uliopo kwa Kiarabu haihitaji kiungo kama "ni" yetu, kwa hiyo "baba yangu mwalimu" imetimia. Kiarabu hakina sauti ya p, kwa hiyo gari likabweka badala ya kuegeshwa. Na irabu fupi kwa kawaida haziandikwi, kwa hiyo jicho lake halijazoea kuzitafuta katikati ya neno. Somo langu bora kuliko yote nililowahi kufundisha pale lilizaliwa na mistari ile mitatu: niliandika "stdnts" ubaoni nikawaomba waniambie ni neno gani, wakaniambia saba tofauti, wakaanza kucheka, halafu wakaanza kutafuta irabu wenyewe. Jopo likikuuliza utafanya nini na darasa la ngazi ya chini, usijibu kwa nadharia uliyoisoma. Jibu kwa "stdnts".

Nawe una kitu ambacho mwenzako wa London hana. Umejifunza Kiingereza kama watakavyojifunza wao, darasani, kwa kukosea. Liseme hilo kwa utulivu, mara moja, na mfano. Usiliombe radhi.

Tuje kwenye karatasi. Hapa ndipo watu hupoteza kazi waliyokwisha kuipata. Ukipewa barua ya ajira, utaombwa vyeti vilivyothibitishwa. Mnyororo wetu ni chuo kilichotoa cheti, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa Oman Dar es Salaam. Kila mmoja anagonga muhuri juu ya muhuri wa aliyetangulia, ukiruka mmoja unarudi mwanzo. Ongeza cheti cha tabia njema cha polisi chenye alama za vidole. Baadhi ya taasisi za Ghuba huongeza uhakiki wa kampuni ya DataFlow, ambayo huandikia chuo ulichosoma na kusubiri kijibiwe, nawe unajua ofisi zetu za masijala zinavyojibu. Nenda kaongee nao kwa adabu kabla barua haijafika.

Mimi pasipoti yangu ilikuwa na majina matatu, cheti cha shahada mawili, na cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina la babu lililoandikwa kwa herufi moja iliyokosewa. Hakuna aliyekuwa ameligundua kwa miaka ishirini. Mtu wa viza aliligundua kwa dakika moja. Hati ya kiapo, barua ya chuo, kurudi ubalozini. Nilitakiwa kuripoti Septemba nikaripoti Januari, na chuo kilinisubiri kwa sababu tu mkuu wa idara alikuwa mtu mwema. Chukua vyeti vyako vyote usiku wa leo, uviweke mezani pamoja na pasipoti, usome majina herufi kwa herufi.

Muhula mkuu huanza Septemba. Matangazo mengi nimeyaona kati ya Februari na Juni, mengine machache mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya Januari. Ukianza kukusanya mihuri baada ya kuona tangazo, umechelewa.

Mkataba nao usome mara tatu. Kwanza tazama mwajiri: chuo chenyewe au kampuni? Likizo, bima ya afya, nyumba na tiketi vinaweza kutofautiana sana kati ya watu wawili wanaokaa ofisi moja. Pili, tazama mshahara wa msingi peke yake. Rial imefungwa kwenye dola tangu 1986, rial 1 ni takriban dola 2.6, kwa hiyo rial 800 ni kama dola 2,080. Lakini sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2023, inayowahusu walioajiriwa na sekta binafsi, inahesabu kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi, mwezi mmoja kwa kila mwaka. Ukipewa rial 800 ambazo 400 tu ni msingi na zilizobaki ni posho, miaka miwili itakupa rial 800 za kuondokea. Msingi ukiwa 600, ni rial 1,200. Watu wengi hawaulizi, wanaona jumla wanafurahi. Vyuo vya serikali vina kanuni zake, omba kuziona. Kodi ya mapato ya mtu binafsi iliyopitishwa 2025 itaanza 2028, tena kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, hiyo haikugusi.

Zipo taasisi zenye viwango tofauti vya mshahara kulingana na pasipoti au nchi uliyosomea. Nililiona, liliniumiza, na sijawahi kulikubali. Uliza ngazi ya mshahara kwa maandishi kabla ya kutia saini, wakati bado wanakuhitaji. Ukishafika, nguvu hiyo huna. Afadhali jambo moja limerahisika: tangu Januari 2021 mtu aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ridhaa ya yule wa kwanza. Zamani hilo lilituweka pabaya.

Usiende ukidhani ni kazi ya maisha. Waomani wanasomesha walimu wao, kama inavyopaswa, na kila mwaka nafasi za wageni zinabanwa. Kama chuo chako Morogoro kinaweza kukupa likizo bila malipo, iombe, usijiuzulu. Na uulize NSSF kuhusu kuchangia kwa hiari ukiwa nje, maana miaka minne bila michango utaikumbuka uzeeni.

Utapimwa afya ukifika, kifua kikuu na VVU vikiwamo, kabla ya kadi ya ukaazi. Wiki ya kazi ni Jumapili hadi Alhamisi. Na jiandae kwa jambo moja zuri. Jumamosi yangu ya kwanza Muscat nilikuwa nachagua ndizi sokoni, namnong'oneza mwenzangu kwamba hizi hazijaiva, bibi mmoja wa pembeni akageuka akaniambia, "Hizo kweli bado, mwanangu, njoo huku." Kiswahili safi cha Unguja. Familia nyingi zilirudi kutoka Zanzibar baada ya 1964, na nyingine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 akaita watu wake. Utasalimiwa kwa lugha yako mahali usipotegemea. Darasani lakini usiitumie. Wajukuu wao wengi hawaijui, na wanafunzi wengine watajiona wametengwa.

Wiki hii nenda kwa mkuu wa idara yako umwombe barua ya utumishi. Iwe na nembo na muhuri wa chuo, tarehe ya kuanza, kozi ulizofundisha, saa kwa wiki na ngazi ya wanafunzi, pamoja na simu ya ofisini inayopokelewa. Na jina lako lote liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.